Tangi la Mvuke Lililokula Mahari

Moshi, 20 Rajabu 1330
(kwa hesabu ya Wadachi, 5 Julai 1912)

Mama Zamda,

Salamu kwanza, habari baadaye. Nimefika, miguu imevimba, roho kunjufu. Ee mke wangu, laiti ungeiona Moshi! Reli imefika, na walioijenga wameacha vyuma kila upande: misumari iliyopinda, minyororo iliyokatika, pete za mapipa. Hakuna anayeviokota ila mimi na mzee mmoja anayeamka saa nne.

Leo nimenunua frasila nane kwa rupia sita. Nane! Hapo Arusha Lemburis mhunzi atatupa rupia kumi na mbili bila kugombana. Mzigo ameuchukua Sifael, dereva wa gari la maksai. Wewe uza, nirudishie fedha kwa mkono wa Sifael huyo huyo, nami ninunue tena. Mtaji uende, urudi, uende, urudi, mpaka Idi.

Rupia za Zamda nimezifunga kiunoni. Nalala nazo, naswali nazo. Sijasahau kuwa sitini zile ni mahari yake, si yangu wala yako, na kwamba aliniazima kwa moyo mweupe. Kabla ya harusi, tarehe tano Shawali, nitamwekea mkononi zote sitini, na faida itakuwa yetu sote.

Mkwe wetu Athumani nimemwona stesheni, anatia kuni kwenye injini. Uso wote masizi, lakini kaniamkia kwa adabu mpaka nikaona haya. Zamda amepata mume.

Mumeo,
Shomari bin Feruzi


Arusha, 27 Rajabu

Baba Zamda,

Mzigo umefika. Nimeupima, ni frasila saba na nusu, wala si nane. Aliyekupimia aliweka kidole kwenye mizani, nawe ulikuwa unatazama treni.

Lemburis kaupenda, ila fedha taslimu hana za kutosha. Nikamwambia, basi nipe rupia tano sasa, zilizobaki nilipe kwa kengele za ng'ombe ulizozifua, nitaziuza mwenyewe. Kanitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akanipa kengele ishirini. Katika zile tano nakutumia tatu. Mbili nabaki nazo pamoja na nne ulizoniachia, kwani huku nako wake wa askari wanauza pete za mapipa na mabati mabovu, nami siwezi kuwaambia msubirini mume wangu. Kesho kutwa nakwenda soko la Tengeru na kengele zangu.

Neno moja tu. Nunua vidogo vidogo. Nakujua mimi. Ukiona kitu kikubwa unapumbaa. Lile lango la chuma ulilonunua mwaka juzi bado lipo uani, tunaanikia nguo.

Mkeo,
Nusura


Moshi, 6 Shaabani

Mama Zamda wa roho yangu,

Sina nafasi ya kuandika mengi, kazi ni nyingi na zote ni njema. Rupia tatu nimezipata, ahsante. Nimenunua kitu. Usiulize ni kitu gani, nataka kikufurahishe siku ukikiona. Nitakwambia tu kwamba ni kizuri mno, na uzito wake ni frasila tisini.

Kwa sasa sitatuma mzigo mwingine. Sifael akija asikusumbue kwa maneno, yule ni mtu wa kupenda kusema.

Na lile lango tafadhali usilitaje tena.

Mumeo,
Shomari


Arusha, 12 Shaabani

Shomari,

Leo sikuiti Baba Zamda. Sifael kapita. Sikumwuliza neno, ameanza mwenyewe kucheka kabla hajashuka garini. Anasema mume wangu amehamia nyuma ya stesheni, anaishi ubavuni mwa tangi la mvuke la injini iliyokufa, tangi kubwa kuliko chumba chetu, na kanzu yake ameianika juu yake. Anasema ulimwomba alipakie, akakwambia hata maksai kumi na sita hawaliwezi, ukawatukana maksai wake.

Niambie kwamba ni uongo. Niambie, nami nitamzomea Sifael mji mzima.

Mahari iko wapi? Zamda anashona foronya. Mama yake Athumani ameleta ujumbe kwamba watakuja watu arobaini. Nami nimekaa soko zima la Tengeru, tangu asubuhi mpaka jua linashuka, sikuuza kengele hata moja! Wanawake wa Kiarusha wanasimama, wanazitazama, wanazipenda kabisa, nawanyooshea mkono wazichukue, wanarudi nyuma. Nikapunguza bei. Nikapunguza tena. Wakazidi kurudi nyuma. Jioni nilirudi nyumbani nikalia. Rupia nne zimekwisha kwa pete za mapipa, nimebaki na rupia mbili, kengele ishirini, na mume mwenye tangi.

Nusura


Moshi, 16 Shaabani

Mke wangu,

Si uongo.

Kuna Mgiriki mmoja alikuwa na kandarasi hapa, anaondoka kwenda Tanga, anauza kila kitu. Tangi lilikuwa limelala majanini, jua la asubuhi linalipiga. Nikapiga hesabu papo hapo: frasila tisini, kila frasila rupia moja na nusu kwetu Arusha, jumla rupia mia na thelathini na tano! Alitaka sitini, nikamteremsha mpaka hamsini na mbili. Nilijiona mjanja wa dunia nzima. Nilipomlipa akapanda treni mbio mbio, ndipo wasiwasi wa kwanza uliponishika.

Halivunjiki, Nusura. Nimevunja tindo nne. Hakuna gari la kulibeba. Kaburu mmoja anataka rupia hamsini, na hizo ni za safari tu, gari likivunjika ni juu yangu kulilipa. Nikiondoka kidogo watu wanakuja kufungua skrubu. Basi nimekuwa mlinzi wa mali yangu, nala uji kwa mama mmoja wa Kichaga.

Na Athumani! Kila jioni akitoka kazini anapita hapa. "Shikamoo baba. Tangi hili la nani?" Siku ya kwanza nilimjibu, sijui mwanangu, nimepumzika kivulini tu. Kesho yake akanikuta hapo hapo. Na kesho kutwa. Leo ni siku ya kumi napumzika kivulini.

Nimebakiwa na rupia tatu. Nakuomba jambo moja. Mwambie Maalim anayekusomea barua afunge mdomo, na Zamda asijue. Nitabeba mizigo ya watu bandarini Tanga kabla sijamwambia mwanangu kwamba nimeila mahari yake. Naona haya mpaka uji haushuki.

Shomari


Arusha, 20 Shaabani

Baba Zamda,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nimelia. Mara ya pili, pale pa kupumzika kivulini, nimecheka mpaka kanga ikanidondoka. Wallahi hasira ninayo bado, usidhani imekwisha, lakini nimecheka. Sasa sikiliza, ninayo ya kukwambia kuhusu

Baba, shikamoo.

Mama amekimbilia jikoni, maharage yanaungua. Kalamu iko kwangu, nami siwezi tena kuandika kana kwamba simo. Maalim haoni vizuri tangu mwezi wa Rajabu. Anayesoma barua zako ni mimi, na anayeandika za mama ni mimi. Herufi nilijifunza nyuma ya pazia wavulana walipokuwa wakisomeshwa. Ulipoandika Zamda asijue, nilimsomea mama kwa sauti, "Zamda asijue," tukatazamana.

Nilikasirika siku moja nzima, nisikudanganye. Sikula, sikushona. Halafu nikakuwaza umekaa pale peke yako unamwambia Athumani sijui, sijui, nikakuhurumia, baba yangu.

Usitafute gari. Nimekwenda kwa Lemburis, nikamchorea tangi mchangani. Anasema tindo za nini? Bamba halikatwi, kinachotolewa ni zile ribiti zilizoyashika mabamba. Unaipasha moto ribiti mpaka iwe nyekundu, unaikata kichwa, unaisukuma inatoka, na bamba linaachia lenyewe. Nimepatana naye. Atakuja na ndugu zake wawili na mivukuto yao, wala hatumpi fedha, kwa kuwa hatuna. Katika kila mabamba manne moja ni lao. Wanaondoka kesho.

Na wewe usingoje vyote vifike Arusha. Kinachouzika hapo Moshi kiuze hapo hapo, hata kama bei si nzuri sana, maana tarehe tano Shawali haitatungoja. Kitakachobaki ndicho kije kwa punda.

Kengele za mama zimeisha zote. Hiyo atakusimulia mwenyewe, sasa hivi anarudi na atataka nimsomee nilichoandika.

Mwanao,
Zamda


Moshi, 25 Shaabani

Zamda mwanangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa chini. Miaka kumi na minane tunaishi nyumba moja, sikujua kama unajua kuandika! Na mwandiko ule nilikuwa nikimsifia Maalim.

Nisamehe. Nimetafuta maneno mengine sikuyaona, kwa hiyo nisamehe.

Wahunzi walifika jana. Leo adhuhuri ribiti ya kwanza imetoka, nikapiga vigelegele, mwanamume mzima na ndevu zangu. Jioni Athumani kapita kama kawaida. "Shikamoo baba. Naona mwenye tangi amepatikana." Nikaona basi, yaishe, nikamwambia, mwanangu, mwenyewe ni mimi. Akasema, "Najua, baba. Mgiriki alinisimulia akipanda treni siku ile ile." Alijua tangu siku ya kwanza! Siku zote hizo ananiuliza tu ili nipate mtu wa kuzungumza naye. Kisha akarudi na magunia mawili ya makaa aliyoyanunua mwenyewe, akayatua karibu na mivukuto, akaenda zake kuoga.

Baba yako,
Shomari


Moshi, 3 Ramadhani

Mama Zamda na Zamda, kwenu nyote wawili,

Ramadhani njema. Ndani ya tangi kumbe mna mabomba membamba arobaini, sikuyajua! Mkulima mmoja wa kahawa anayevuta maji toka mfereji kayachukua yote kwa rupia ishirini taslimu. Wahunzi wa Kichaga wameteremka toka Mamba, wamenunua mabamba ya rupia ishirini na mbili. Nikitoa chakula, ninazo arobaini na tatu. Zimebaki kumi na saba.

Yamebaki pia mabamba ya frasila ishirini na nane, na hapo ndipo pana balaa. Wapo Waarusha watatu wenye punda tisa, wanarudi kwao bila mzigo. Tumepatana rupia tatu. Lemburis akainua bamba la kwanza ampe mmoja wao, yule akarudi nyuma, mikono kaificha mgongoni. Nikasema, haya, nne. Wakanitazama. Tano! Wakatazamana wao kwa wao. Nimefika sita, na hawakatai wala hawapakii. Wamekaa pale tangu juzi wanakula uji ninaoulipia, nami nimefunga! Nikimwuliza Lemburis, anautazama mlima. Kimaasai changu mimi ni cha kusalimia tu.

Hawa watu wanataka kunikamua. Nifike ngapi? Saba? Nane? Zikipita hapo mahari haitimii, na siku zinakwisha.

Shomari


Arusha, 5 Ramadhani

Baba Zamda,

Usiongeze hata hela moja! Barua hii nampa mpeleka barua wa posta, akimbie.

Hawataki fedha, wanataka mafuta. Ndiyo yaliyonipata mimi Tengeru. Soko la pili nilikaa vile vile na kengele zangu, mpaka Nanyori, mama wa Kiarusha anayeuza maziwa mkeka wa jirani, akashindwa kuvumilia. Akaninong'oneza: chuma kilichotoka mikononi mwa mhunzi hakishikwi na mkono mkavu. Mtu ajipake mafuta kwanza, la sivyo anajitakia mabaya. Na mwenye kuuza ndiye anayeleta mafuta. Nikamwuliza, mbona hamkuniambia siku nzima ile? Akasema, "Tungesemaje, na mhunzi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yako?" Kumbe kweli, Lemburis alikuja kuniangalia. Kwao kulitamka mbele yake ni kumwambia mtu usoni kwamba mkono wake una mkosi, na hawana tabia hiyo. Yeye naye atasemaje? Jamani ogopeni mikono yangu? Ndiyo maana anautazama mlima, maskini.

Nikanunua kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo, nikakiweka mbele ya mkeka, sikusema neno. Kabla ya adhuhuri kengele zote zimekwenda, tena kwa bei ya kwanza! Tangu hapo sikai na chuma zaidi ya soko moja. Nauza, nanunua pete za mapipa, nduguye Lemburis aliyebaki anafua, nauza tena. Rupia zangu mbili sasa ni kumi na moja.

Nunua mafuta, yaweke chini, uangalie pembeni.

Nusura

Na bei irudishe tatu, baba. — Z.


Moshi, 8 Ramadhani

Wanawake wangu wa kunisuta,

Nimenunua mafuta, nimeyaweka chini, nimeangalia pembeni. Nilikuwa sijamaliza kuhesabu nguzo za stesheni nikasikia punda wanalia. Kugeuka, mabamba yanapakiwa! Wanacheka, wanaimba, mmoja kaja kunipaka na mimi mikononi mpaka viwiko. Lemburis alicheka pia, mara ya kwanza namwona meno.

Na ile bei, Zamda, sikupata hata nafasi ya kuirudisha. Nilipotoa sita walizishangaa. Mkubwa wao akahesabu tatu, nyingine akanirudishia mkononi. Siku zote hizi nimewaita wanyang'anyi moyoni mwangu, Mungu anisamehe.

Punda wanaondoka alfajiri. Mimi nabaki kidogo, kuna vipande vya mwisho nataka kuviuza. Nanuka kondoo mtupu, msikitini wananiachia nafasi mbele na nyuma.

Shomari


Arusha, 21 Ramadhani

Baba Zamda,

Njoo nyumbani.

Punda walifika wote tisa. Mabamba sikuyalimbikiza, nimefanya vile vile kama kwa kengele. Misheni wamenunua moja kubwa, wanalitundika mtini waligonge watu waende kwenye sala, rupia nne. Fundi wa magari kachukua mawili. Nduguye Lemburis kachukua kidogo kwa fedha na kidogo kwa majembe, na majembe yameuzika jana. Ukijumlisha na arobaini ulizonazo, sitini zimetimia, na moja juu ya kununulia mchele mzuri. Na mabamba zaidi ya nusu bado yamo uani, hayadaiwi na mtu.

Zamda nilipomwambia zimetimia aliruka, akaniangushia kapu la unga. Njoo, mume wangu. Pita mtoni Maji ya Chai uoge vizuri kabla hujaingia mjini.

Mkeo,
Nusura


Moshi, 19 Shawali

Baba, shikamoo.

Nimezoea nyumba. Treni ikipiga king'ora saa moja nashtuka bado, Athumani ananicheka. Huku watu wanasimulia harusi yetu mpaka leo, hasa ulivyonihesabia mahari mbele ya wakwe, rupia moja moja, na ulivyofika arobaini na tano ukalia kama mtoto, ikabidi mama amalizie hesabu. Mama mkwe anasema hajapata kuona baba anayempenda bintiye namna ile. Sikumwambia lolote kuhusu tangi. Athumani naye anakula tu.

Baba, nimetumia rupia kumi za mahari yangu. Nimenunua misumari ya reli frasila sita, minyororo frasila mbili, na shaba kidogo, ratili kumi, kwa fundi aliyekuwa anahama. Nimepima mwenyewe, kidole cha mtu hakikugusa mizani. Nimempa Sifael. Akina mama wa hapa sasa wananiletea mlangoni, na kesho kuna mtu anataka kuniuzia magurudumu mawili ya mkokoteni. Naona yanafaa, lakini naogopa kukosea. Ninunue, au nikungoje uje uyaone kwanza?

Mwanao,
Zamda


Arusha, 24 Shawali

Zamda,

Mzigo umefika. Mama yako ameupima mara mbili akitafuta kosa, uzito ni ule ule ulioandika. Mimi kwa miaka yote hajapata kunipa sifa hiyo, leo kaitoa kwako na mimi nimesimama pale pale. Shaba imekwenda siku hiyo hiyo.

Umeuliza kama unisubiri nije nione kwanza. Usinisubiri. Nimempa Sifael rupia thelathini, ni faida ya tangi, akukabidhi wewe mkononi. Nunua unachoona kinafaa, kwa bei unayoona inafaa, wala usiniandikie kuniuliza. Niandikie kuniambia tu. Ukikosea, utakuwa umekosea, nami ndiye mtu wa mwisho hapa duniani wa kukusema.

Jana nilikuwa Sekei. Mfanyabiashara mmoja akaniuliza nani ananinunulia Moshi siku hizi, maana vyuma vinakuja vimechaguliwa. Alidhani nimeajiri mwanamume fulani kutoka pwani. Nikamwambia sijaajiri mtu, nina mshirika. Akataka jina. Nikamwambia, Zamda binti Shomari. Akacheka sana, akadhani ni mzaha wangu. Nikalitaja tena, taratibu, nikimtazama, mpaka akaacha kucheka.

Mshirika wako,
Shomari bin Feruzi